Muulize mwenyewe, halafu andika

Semina nyingi za kuheshimu tofauti za wagonjwa huja na orodha: Waislamu hivi, Mashahidi wa Yehova vile, wazee wa jamii fulani hawapendi kile. Si mbaya kuijua, lakini ukiishia hapo utamhudumia mtu wa kwenye karatasi. Nimefanya kazi wodini na kwenye makao ya wazee, na ninachowaambia wanaoanza ni kimoja: muulize mwenyewe, halafu andika.

Chukua suala la damu. Mashahidi wa Yehova hukataa kuongezewa damu nzima, chembe nyekundu, chembe nyeupe, vigandisha damu (chembe sahani) na plazima, yaani majimaji ya damu. Visehemu vidogo zaidi, kama albumini, protini inayotolewa kwenye plazima, kila mmoja huamua kwa dhamiri yake. Kwa hiyo "Shahidi, hataki damu" kwenye faili hakumsaidii daktari wa zamu ya usiku. Kabla ya upasuaji muulize anakubali nini na anakataa nini, kimoja kimoja, ndugu wakiwa nje. Wakiwepo, utapata jibu la familia.

Kuna mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyauliza kwa sababu hayajui. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe, na kapsuli nyingi zina jelatini ya wanyama. Ukimweleza, mmoja atasema dharura inaruhusu, mwingine ataomba mbadala. Vyovyote atakavyoamua, asije akasikia habari hiyo baada ya sindano.

Na mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani? Ni kweli Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ukimtupia aya hiyo kama amri ataitikia "sawa", kisha afunge kimya kimya na kuruka insulini bila ya daktari kujua. Muulize mapema, mwezi haujaandama, kama ana nia ya kufunga, ili dozi zipangwe upya au ashauriwe asifunge.

Lugha ndiyo inayonikera zaidi. Niliwahi kumwona binti wa shule akimtafsiria mama yake mbele ya daktari wa wanawake. Daktari akauliza kuhusu maumivu wakati wa tendo la ndoa. Binti akainama, akasema maneno mawili matatu, mama akajibu "hapana". Mle chumbani hakuna aliyejua mama amejibu swali gani. Tafuta mkalimani, hata wa simu, na ukizungumza mtazame mgonjwa.

Heshima ni ujuzi pia, jambo ambalo semina hulisahau. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko hali halisi kwa mwenye ngozi nyeusi. Angalia pia rangi ya ulimi na midomo, na jinsi anavyopumua. Umanjano wa mwili (jaundice) utafute kwenye weupe wa macho.

Sasa kuandika. Mzee akishasema anataka kuogeshwa na mwanamume mwenzake, asilazimike kurudia aibu hiyo kila zamu inapobadilika. Andika: "Anaomba kuogeshwa na mwanamume. Asipokuwepo, ataosha sehemu za siri mwenyewe, asaidiwe mgongo na miguu." Aliyekutangulia huenda aliandika "msumbufu wakati wa kuoga". Mimi nikikuta neno hilo kwenye ripoti humtafuta aliyeliandika nimuulize: alikataa nini hasa, na nani alikuwa anamwogesha?