Tuliwapatanisha, uonevu ukazidi: tulikosea wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya msingi ya kutwa, nje kidogo ya Nakuru mjini. Tuna wanafunzi karibu 900, wale wa sekondari msingi wakiwemo, na uwanja ni mmoja. Mwanzoni mwa muhula tuligundua kuwa wavulana watatu wa Gredi ya 8 walikuwa wakimnyang'anya mtoto wa Gredi ya 5 shilingi zake 20 za mandazi na kumfanya awachotee maji kwenye tangi. Tuliwaita wote wanne ofisini, wakaombana radhi, wakashikana mikono. Wiki mbili baadaye mamake akaja kusema mtoto anaumwa na tumbo kila asubuhi, ila Jumamosi na Jumapili ni mzima. Baadhi ya wazazi kwenye bodi ya shule wanataka wale watatu wachapwe au wafukuzwe. Sanduku la maoni tuliloweka nje ya ofisi halijapata hata karatasi moja. Tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, mlikosea pale ofisini. Kupatanisha ni dawa ya ugomvi, na hapa hapakuwa na ugomvi. Watoto wawili wa darasa moja wakipigania mpira, kila mmoja ana lake la kusema na kila mmoja anaweza kulegeza kamba. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuchunguza jambo hili huko Skandinavia miaka ya 1970, aliutambua uonevu kwa alama tatu: unakusudiwa kuumiza, unarudiwa, na anayetendewa hana nguvu za kujitetea sawasawa na anayemtenda. Hebu fikiria mtoto wa miaka 10 amesimamishwa mbele ya wavulana watatu wa miaka 14, kisha mwalimu anamuuliza, "Umewasamehe?" Atajibu ndiyo, kwa sababu hana jibu jingine. Wale watatu nao wametoka ofisini na habari mbili: kwamba amesema, na kwamba bei ya kosa lao ni kushikana mkono.

Basi anzeni na mtoto, peke yake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtafutie nafasi ambayo haimwoneshi kwa wenzake. Akiitwa kwa jina kwenye gwaride, shule nzima imeshajua. Mtume na madaftari hadi chumba cha walimu, umkute huko. Kaa kando yake, meza isiwe katikati yenu. Muulize mambo yenye jibu: ni mahali gani, saa ngapi, nani alikuwapo, walisema nini, nani mwingine aliona. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yakiwa matusi. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Mwambie utawaeleza watu wawili, naibu wa mwalimu mkuu na mwalimu wake wa darasa, na umwambie ni kwa nini. Na tafadhali, asiambiwe ajikaze, wala asiulizwe mbona hakujitetea. Ukimwambia hivyo mara moja, hatarudi kwako tena.

Kabla hajatoka, mkubaliane mambo ya kesho asubuhi: ataingia kwa lango lipi na nani, pesa zake atamwachia nani (mwalimu wa darasa anaweza kuzishika hadi mapumziko kwa wiki mbili tatu), atakaa wapi wakati wa uji. Maumivu ya tumbo yanayokuja siku za shule tu mara nyingi yana uhusiano na hofu, lakini si ya kujifanya: hofu huliuma tumbo kwelikweli. Mamake ampeleke zahanati mara moja ili ugonjwa uondolewe kwenye hesabu.

Baada ya hapo, kwa siku mbili, mwalimu mmoja asimame karibu na lile tangi wakati wa mapumziko, akiwa na shughuli yake kama kawaida. Akiona jambo, aingilie papo hapo. Mtakapowaita wale watatu, shule iseme inachokijua kwa macho yake, si "mamake amelalamika". Waiteni siku moja, mmoja mmoja, mfululizo, na anayetoka asikutane na anayengoja. Wakikaa pamoja dakika tano tu, watakuja na hadithi moja.

Usianze na "kwa nini". Mtoto akiulizwa kwa nini, atatafuta sababu, na sababu iliyo karibu ni kumlaumu mdogo: ana kiburi, yeye ndiye alianza. Anatol Pikas wa Uswidi alibuni mazungumzo ya aina nyingine, na yanafaa hapa. Sema, "Yule mtoto wa Gredi ya 5 hana raha hapa shuleni. Wewe unajua nini kuhusu hilo?" Kisha nyamaza. Wengi hawavumilii kimya cha nusu dakika. Akishakubali kwamba mambo si mazuri, muulize atafanya nini kuanzia kesho, na jibu liwe kitendo kinachoonekana. "Nitakuwa mtoto mzuri" hakipimiki. "Sitafika kwenye tangi mapumziko ya kwanza" kinapimika. Mkutane tena baada ya siku tatu, umuulize kuhusu hicho hicho.

Mazungumzo hayafuti adhabu, ila adhabu iwe inafanana na kosa. Hesabuni pesa: kwa mfano, kama ni siku tisa kwa shilingi 20, ni 180, kila mmoja arudishe 60. Zipite ofisini, zisitoke mkono kwa mkono. Mwombeni mzazi asizilipe kwa mara moja kutoka mfukoni mwake. Mtoto azifanyie kazi nyumbani. Kwa siku tano watumie mapumziko yao wakiwa mbele ya mwalimu wa zamu. Kuwapa kazi ya kuosha vyoo ni kosa la kawaida sana: mnawadhalilisha mbele ya wenzao, halafu mnawapeleka mahali ambapo mtu mzima hafiki.

Kuhusu kuchapa na kufukuza, waelezeni wazazi kwa upole lakini bila kuzunguka. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kimwili au kiakili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu cha 35 kinazuia kumfukuza mwanafunzi, isipokuwa kwa kanuni maalumu, njia nyingine zote za kumrekebisha zikiwa zimeshindikana na mtoto na mzazi wake wamesikizwa. Bodi haiwezi kulipitisha kwa kuinua mikono. Tena, kando ya sheria, kijana aliyechapwa kwa sababu ya mtoto wa Gredi ya 5 atamngoja njiani. Mama wa mtoto na wazazi wa wale watatu waiteni siku tofauti. Wakikutana kwenye benchi la nje ya ofisi, kesi itaanzia hapo.

Sasa jambo ambalo shule nyingi huliruka: watazamaji. Uonevu una hadhira. Christina Salmivalli na wenzake huko Ufini walieleza mwaka 1996 kwamba darasani kuna wanaomsaidia mwonevu, wanaomchekea, wanaojitenga, na wachache wanaomtetea anayeonewa. Uchunguzi wa viwanja vya shule huko Toronto, Kanada, uliochapishwa 2001, ulionesha kwamba watoto wenzao walipoingilia kati, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Tatizo ni kwamba huingilia mara chache. Kwa hiyo tumieni kipindi cha PPI (kile cha malezi ya kiroho na maadili) kufundisha vitendo vidogo ambavyo hata mwoga anaviweza: kumwita anayeonewa, "Njoo, mwalimu anakuita", kuondoka badala ya kucheka, kumfuata baadaye na kukaa naye. Wafanye mazoezi kwa sauti, wawili wawili, kwa sababu mtoto aliyefundishwa kwa maneno tu hukosa la kusema pale inapohitajika. Msiwatake wakabiliane na vijana wa Gredi ya 8. Hiyo ni kazi ya watu wazima.

Angalieni viranja pia. Lile daftari la wapiga kelele, ambamo kiranja huandika majina mwalimu akiwa hayupo, ni duka. Jina hufutwa kwa shilingi tano, kwa kipande cha muwa, kwa kufanyiwa kazi ya ziada. Anayekataa kulipa huandikwa hata akiwa amelala. Ondoeni daftari hilo wiki hii. Kiranja abaki na kazi ya kugawa vitabu, kufuta ubao na kumwita mwalimu.

Sanduku lenu halipati karatasi kwa sababu kila anayelikaribia anaonekana, na mtoto anaogopa kuitwa mchongezi kuliko anavyoogopa kupigwa. Geuzeni utaratibu. Kila Ijumaa, dakika tano za mwisho, kila mwanafunzi kuanzia Gredi ya 4 apewe robo karatasi. Wote waandike, asiye na jambo aandike "hakuna" kisha anakili sentensi moja kutoka kitabuni ili kalamu zote zitembee muda sawa. Karatasi zikunjwe, zikusanywe na mwalimu mwenyewe, si kiranja. Wiki ya kwanza mtapata "hakuna" tupu na pengine malalamiko kuhusu uji. Zisomeni na uji urekebishwe, kwa maana watoto wanapima kama karatasi zinasomwa. Mambo mazito huanza kuingia wakishaliona hilo.

Mara moja kwa muhula fanyeni ramani. Chora uwanja wa shule kwenye nusu karatasi: madarasa, vyoo, tangi, jiko, lango, njia ya nyuma. Piga nakala. Kila mtoto aweke alama ya X mahali anapoogopa na saa, bila jina. Hesabuni kwa mkono, gredi kwa gredi, kwa sababu kinachowatisha wa Gredi ya 2 sicho kinachowatisha wa Gredi ya 6. Kisha mhamishe mwalimu wa zamu aende zilipo X nyingi. Katika shule nyingi mwalimu wa zamu husimama kwenye kivuli karibu na ofisi, na X ziko nyuma ya vyoo na kwenye foleni ya maji. Mkiweza, wadogo watoke mapumzikoni dakika 10 kabla ya wa sekondari msingi. Tangi moja halitoshi watu 900 kwa wakati mmoja, na foleni yenyewe ndiyo inayozaa msukumano.

Yote hayo yaandikwe mahali pamoja. Daftari la kurasa 96 linatosha: tarehe, saa, mahali, nani kwa nani, nani aliona, kilichofanywa, tarehe ya kufuatilia. Likae kwenye droo yenye kufuli. Safu ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo iliyowaponyoka ninyi: baada ya ule mkutano hakuna aliyemuuliza mtoto siku ya tatu. Muulizeni siku ya 3, ya 7, ya 14 na wiki ya 6, na msimuulize "uko sawa?" Muulizeni, "Jana mapumziko ulikuwa wapi, na nani?"

Kuna hali ambazo hazibaki shuleni. Jeraha, silaha, au jambo lolote la kimwili lenye sura ya ngono, mtoto apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Likiwa la ngono, asioshwe wala asibadilishwe nguo, ili ushahidi usipotee, na asicheleweshwe, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Polisi na afisa wa watoto wa kaunti ndogo wajulishwe. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto ni ya bure na hupokewa saa 24, nayo inafaa kubandikwa ndani ya milango ya vyoo, ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kutazamwa.

Ukipata siku moja tu wiki hii, fanya mambo matatu: mwalimu kwenye tangi, pesa za mtoto kwa mwalimu wa darasa, daftari la wapiga kelele jikoni kuwashia moto. Ramani inaweza kungoja Jumatatu.