Atomu inaonekana au haionekani?

Ndugu, unasema hakuna aliyewahi kuona atomu na zile picha ni katuni za kompyuta. Kwa hadubini ya mwanga kweli huzioni: mawimbi ya mwanga yana urefu wa nanomita 400 hadi 700 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), na atomu nyingi hazifiki hata nusu nanomita. Rangi za picha hizo nazo ni za kompyuta, hilo halina ubishi.

Ila mpangilio wa atomu kwenye picha haukuchorwa na mtu. Wanafizikia Binnig na Rohrer, Zurich 1981, waliunda hadubini ya ncha (STM): walipitisha ncha kali ya metali juu ya sampuli bila kuigusa. Elektroni huvuka pengo hilo, na ukilipunguza kwa nanomita 0.1 tu, mkondo wa umeme huongezeka kama mara kumi. Ndiyo maana ncha huhisi kila kinundu cha atomu, na kompyuta huchora picha kutokana na vipimo hivyo.

Ukipata chuo chenye mashine hiyo, jaribu: bandua tabaka la juu la grafiti (kaboni kama ya penseli) kwa selotepu, kata waya wa platinamu na iridiamu kwa mkasi huku ukiuvuta ili uwe ncha, weka volti 0.05 na mkondo wa nanoampea 1. Vinundu vitajipanga kila baada ya nanomita 0.246. Picha ikitoka na vivuli pacha, ncha ina vichwa viwili, kata upya. Ikipinda, subiri joto litulie. Na mtu asibamize mlango, mtetemo huharibu picha!

Kamera ya kawaida je? Huko Oxford ilinasa ioni (atomu yenye chaji) moja ya strontiamu iliyomulikwa kwa leza. Ni nukta ya mwanga tu, umbo lake hulioni.