Nyuzi za Anodi Huharibikia Kwenye Tanuri

Msomaji anauliza kwa nini utando wake wa nyuzinano (nyuzi nyembamba mno) za anodi, yaani upande hasi wa betri ya lithiamu, uliotoka mweupe na laini kwenye mashine ya kusokota kwa umeme, unavunjika kama papadi ukishakuwa kaboni.

Mchanganyiko wenyewe si kazi. Gramu 1 ya PAN (plastiki ya poliakrilonitrili, uzito wa molekuli 150,000) kwa mililita 10 za DMF (kiyeyushi chake), koroga usiku kucha kwenye 60 °C. Kwenye mashine: kilovolti 15, sentimita 15 kutoka ncha ya sindano hadi karatasi ya alumini, mililita 1 kwa saa. Hadubini ikionyesha vinundu kama shanga, ongeza PAN, si volti. Vaa glavu: DMF hupenya ngozi na kuumiza ini.

Sasa tanuri, ambako watu hukimbilia kaboni. Anza na hewa ya kawaida, ukipanda 1 °C kwa dakika hadi 280 °C, kisha uache saa 2. Hapo molekuli za PAN hujifunga pete kwa pete, na kujifunga huko hutoa joto lake lenyewe. Ukipandisha 10 °C kwa dakika joto hilo halipati pa kutokea. Nyuzi hulainika, hugandana, na palipogandana ndipo panapovunjika. Utando pia hunywea, kwa hiyo bana kingo zake kwa vigae vya kauri, katikati pawe wazi. Uchane kidogo pembeni: ndani pakiwa bado manjano badala ya kahawia iliyokolea, rudisha.

Ndipo arigoni, gesi isiyounguza kaboni. Ipitishe nusu saa kabla ya kuwasha, panda 5 °C kwa dakika hadi 800 °C, kaa saa 1, na usifungue kabla tanuri haijashuka chini ya 100 °C. Gesi inayotoka ina sianidi ya hidrojeni. Ipitishe kwenye maji ya hidroksidi ya sodiamu, kisha nje. Hapa hakuna mzaha.

Mwisho, kupima chaji inayobebwa na nyuzi. Ukomo wa grafiti, kaboni ya kawaida ya anodi, ni miliampea-saa 372 kwa gramu. Ukiuvuka, kagua mizani kabla ya kuita watu: kisahani cha nyuzi cha miligramu 1 kikipimwa kwa kosa la miligramu 0.1, umejidanganya kwa asilimia 10. Tena usifiche matokeo ya mzunguko wa kwanza wa kuchaji na kutoa chaji. Nyuzi zina eneo kubwa la uso, na tabaka linalojengeka juu yake humeza lithiamu. Kwenye seli ya majaribio yenye lithiamu tupu upande wa pili, hasara hiyo haiumi. Kwenye betri kamili lithiamu hiyo hutoka kwenye kathodi (upande chanya), na hairudi.