Minyoo wa vinyweleo tangini: tuwaue au tuwaache?

SWALI: Nina tangi la kufugia matumbawe la lita 200. Usiku nimemulika tochi nikakuta minyoo wa rangi ya waridi, wenye vinyweleo vyeupe ubavuni, wamejazana kwenye gamba la konokono wangu. Asubuhi gamba tupu. Nilimshika mmoja na vidole vinaniwasha mpaka sasa. Nitawamalizaje? – Msomaji, Dubai

JIBU: Kwanza vidole. Usivisugue, maana vinyweleo hukatikia ndani ya ngozi. Bandika selotepu, bonyeza taratibu, vuta. Rudia kwa kipande kipya mara kadhaa, kisha pakaza siki kutuliza mwasho. Ukivimba sana au pumzi ikibana, wahi hospitali. Siku nyingine tumia kibano kirefu.

Sasa konokono. Minyoo hawa ni wala mizoga. Karibu kila mara huyo konokono alikuwa amekufa au yu mahututi kabla hawajamfikia. Kwa hiyo pima maji: amonia iwe sifuri, chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kilo ya maji. Chumvi ikipanda au kushuka ghafla, konokono ndio wa kwanza kufa. Pima na shaba pia, hasa kama uliwahi kutia dawa ya samaki yenye shaba.

Usiwamalize, tafadhali. Wanaingia kwenye nyufa za mawe ambazo mkono wako wala pampu haifiki, wanakula chakula kilichooza na samaki aliyefia nyuma ya jiwe, na wanapopita mchangani wanautifua. Ukiwaua wote kwa dawa ya minyoo, mizoga yao itaoza humo humo, amonia ipande, na matumbawe yaanze kufa.

Wakizidi, ujue unalisha kupita kiasi. Wape samaki chakula kinachokwisha ndani ya dakika 2. Kuwapunguza, funga kipande cha kamba mbichi wa baharini ndani ya soksi nyembamba ya nailoni, laza mchangani taa zikizimwa, rudi baada ya saa 2: vinyweleo vitakuwa vimenasa, inua soksi na minyoo wake. Usimkate mnyoo wala kumvuta kwa nguvu akiwa ameshika jiwe. Aina iliyozoeleka, Eurythoe complanata, hukatika vipande na kila kipande kinaweza kukua kuwa mnyoo mzima.

SWALI: Yupo wa kuogopwa kweli?

JIBU: Yupo. Hermodice carunculata hula matumbawe yaliyo hai. Ni mnene, anaweza kupita sentimeta 20, na akiguswa hufumua vishada vyeupe kama pamba. Kwao ni Atlantiki, Karibiani na Mediterania, kwa hiyo mwenye tangi lenye mawe yaliyotoka Bahari ya Hindi hana haja ya kumshuku kila mnyoo. Ukimkuta juu ya tumbawe akilitafuna, mtoe kwa kibano usiku huo huo, na ikiwa amejificha, toa jiwe zima.