Niache kazi ya hoteli nikapike sabuni?

*Shikamoo Somo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Jambiani, Zanzibar. Mwaka wa sita huu nasafisha vyumba katika hoteli moja ya Paje, na mshahara unanifika mkononi 380,000. Mwaka jana kikundi chetu kilifundishwa kupika sabuni ya mwani. Mimi huweka mafuta ya nazi lita moja, kostiki soda gramu 174, maji, unga wa mwani na mafuta ya mchaichai. Nimeuza sabuni 40 kwa wageni wa hotelini, 5,000 kila moja. Gharama yangu haifiki 1,000, kwa hiyo nikipika 300 kwa mwezi napata milioni moja na laki mbili. Akiba yangu ni 1,100,000. Wifi yangu mwenye duka mjini yuko tayari kunipa milioni mbili, tugawane faida nusu kwa nusu, ila anataka niache kazi mwezi wa tatu nianze kwa nguvu zote. Mume wangu ni mvuvi, anasema niamue mwenyewe. Wateja watatu walilalamika kuwa inawasha, lakini nadhani ni ngozi zao. Niache kazi?*

Marahaba mwanangu. Kabla hujaacha kazi, acha kuuza hiyo sabuni.

Watu watatu katika 40 hawakuzaliwa na ngozi mbovu. Kosa liko kwenye chupa unayopimia. Kilo moja ya mafuta ya nazi inakula gramu 183 za kostiki mpaka mafuta yote yawe sabuni. Aliyewafundisha akawapa 174 ili asilimia tano ya mafuta ibaki bila kuliwa, imlinde mwogaji. Hesabu yake ni sahihi, lakini ni ya kilo. Lita ya mafuta ya nazi haifiki kilo. Ina gramu 920 hivi, na hizo zinakula kostiki 168 tu. Wewe umetia 174, basi gramu sita zimekosa cha kula na zimekaa ndani ya sabuni zinamngoja mtu akaoge. Kama unakoroga kwa mwiko, hazienei sawasawa: kipande kimoja kinatoka salama na kingine kinabeba sehemu yake na ya jirani. Ndiyo maana hawakuwashwa wote.

Nunua mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na kila kitu ukipime hapo: mafuta, kostiki, hata maji. Kisha shusha kostiki mpaka gramu 150 kwa kilo ya mafuta. Sabuni ya nazi tupu ina nguvu ya kusafisha kupita kiasi, inaukausha mwili, kwa hiyo inataka mafuta mengi zaidi ya kubakia kuliko asilimia tano. Faida ya pili ni kwamba kwa gramu 150, hata siku ukighafilika ukapima lita badala ya kilo, hutomuunguza mtu. (Uzuri wake mwingine unaujua mwenyewe: sabuni ya nazi hutoa povu hata kwa maji ya kisima yenye chumvi. Hilo liandike kwenye karatasi ya kufungia, ni kweli na linauza.)

Maji yawe gramu 300. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, polepole, nje penye upepo, umevaa glavu na miwani. Ukimwaga maji juu ya kostiki yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Usitumie sufuria ya alumini, kostiki inaila na inatoa hewa inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha stenlesi. Ngoja maji ya kostiki na mafuta vyote viwe vuguvugu, kama nyuzi 40, ndipo uchanganye. Koroga mpaka iwe nzito kama uji mwepesi na ukiinua mwiko tone libakishe alama juu. Hapo ndipo unapotia mwani na harufu.

Mwani uoshe kwa maji baridi mara mbili, kwa sababu chumvi ikizidi ndani ya sabuni inapunguza povu na kuifanya imeguke. Uanike kivulini, usage, uchekeche kwa chekeche la unga. Gramu 30 kwa kilo ya mafuta zinatosha. Ukishawishika kutia mafuta ya karafuu ya Pemba, usipite gramu 5, na yatie mwisho kabisa: karafuu huigandisha sabuni ndani ya ndoo kabla hujaimimina, na ikizidi inawasha nayo. Kata siku ile ile mara inaposhika, maana ya nazi hukauka upesi, na ukiiacha hadi kesho itavunjika kwa kisu.

Kisha wiki nne kwenye rafu penye upepo, vipande visigusane. Hapo ndipo palipo na jibu lako la kuacha kazi au kutoacha, na wewe umepapita mbio.

Tuzirudie hesabu zako. Nimechukulia mafuta ya nazi 9,000 kwa lita na kostiki 6,000 kwa kilo. Wewe weka bei zako. Kilo ya mafuta ni 9,800. Kostiki 900. Mwani 300, hata kama ni wa shamba lako, kwa sababu ungeweza kuuuza. Mchaichai 3,000. Karatasi na lebo 400 kwa kila kipande, na kwa vipande 14 ni 5,600. Glavu, umeme na madogo madogo 700. Jumla 20,300. Unakata vipande 14 vya gramu 105, na vikishakauka vinashuka mpaka chini ya 95, kwa hiyo uzito wa lebo uandikwe baada ya rafu. Kila kipande kimekugharimu 1,450. Ile 1,000 uliyoandika bila shaka ilisahau karatasi, na karatasi ndiyo gharama yako kubwa baada ya mafuta.

Sasa bei. Wanaokupa 5,000 unawapata kwa sababu una ufunguo wa vyumba vyao. Siku utakapokabidhi sare, mlinzi wa geti hatokujua na wageni wale hawatokuwa wako tena. (Na meneja wako anajua kuwa unawauzia? Kama hajui, mwambie wiki hii. Kufukuzwa si njia nzuri ya kuanza biashara.) Nje ya geti kuna maduka ya zawadi, na mwenye duka akitaka kuuza 5,000 hatokununulia zaidi ya 2,800 au 3,000, tena kwa mali kauli: acha mzigo, upite mwisho wa mwezi.

Shika 2,800. Faida ni 1,350 kwa kipande. Ili ufikie mshahara wako wa sasa lazima uuze vipande 282 kila mwezi, navyo ni mapishi 21. Si jambo lisilowezekana. Ila fuata safari ya shilingi yako: leo unanunua mafuta, wiki nne sabuni ipo rafuni, wiki nne nyingine ipo dukani kwa mali kauli. Miezi miwili kabla shilingi ya kwanza kurudi nyumbani, na mwezi wa pili hupiki kidogo, unapika 282 nyingine. Hapo umeshatoa 817,800. Kwenye akiba yako inabaki 282,200, na hiyo ndiyo ya kula miezi miwili katika nyumba iliyozoea 380,000 kwa mwezi mmoja, kabla ya mizani, kalibu na leseni. Biashara za namna hii hufa mwezi wa tatu tangu zianze, zikiwa na rafu zimejaa na faida nzuri kwenye daftari, kwa sababu mwenyewe ameshakula hela ya mafuta.

Mwezi wa Machi alioupenda wifi yako nao ni mbaya kuliko yote. Masika yanaingia, hoteli nyingi za upande wenu zinapunguza watu au zinafunga Aprili na Mei, na maduka ya zawadi yanakaa na wauzaji tu. Sabuni nayo katika unyevu ule hutoka jasho, inalainisha karatasi na inataka wiki sita badala ya nne. Lakini kipindi hicho hicho kina kheri yake kama bado una kazi: hoteli yako ikiwapa watu likizo, pika wakati huo, uiweke, iwe tayari msimu utakaporudi Juni.

Kuhusu milioni mbili za wifi. Sikuambii ukatae, nakuambia usizipokee kwa mdomo. "Nusu kwa nusu" ni ya faida, haijasema chochote kuhusu hasara. Kama ni mudharaba, yeye anatoa mtaji na wewe unatoa kazi. Faida mnagawana kwa kiasi mlichokubaliana, na mtaji ukipotea bila uzembe wako hasara ya fedha ni yake, wewe umepoteza jasho lako. Kama ni deni, utalirudisha lote hata sabuni zikiyeyuka, lakini basi hana haki ya faida. Watu wengi wa ukoo huchanganya haya mawili: wanataka nusu ya faida na mtaji wao wote mkononi. Muulize wazi ni lipi kati ya hayo, muandike, muwe na mashahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, imekuja kuhusu kuandika madeni, basi wifi asione umemdharau ukitoa kalamu. Na umuulize jambo la pili: duka lake litakununulia sabuni kwa bei gani, na litalipa lini? Kama atachukua nusu ya faida kama mwenye mtaji, kisha akakulipa mali kauli kama mwenye duka, amekukata mara mbili.

Mimi ningemwomba kitu kingine kabisa: badala ya milioni mbili, anunue sabuni 50 kila mwezi kwa fedha taslimu.

Jibu langu basi ni usiache sasa. Pika mapishi manne kwa mwezi siku zako za mapumziko. Ni vipande 56, gharama 81,200, na akiba yako haitatikisika. Uza kwa watu ambao si wageni wa hoteli yako. Jaribu pia nyumba ndogo za wageni za Paje, Bwejuu na Jambiani zinazotaka vipande vidogo vya kuweka bafuni: kata gramu 30, visifungwe moja moja, na ile 400 ya karatasi inaondoka. Wao hurudi kila mwezi, wakati mtalii hununua mara moja akaenda zake. Andika barua ya kuacha kazi utakapoona haya yote pamoja: duka au nyumba ileile imeagiza mara tatu mfululizo bila wewe kuikumbusha, umeuza vipande 150 kwa mwezi mmoja kwa bei ya jumla, na una matumizi ya nyumbani ya miezi minne yaliyowekwa mbali na hela ya mafuta. Mumeo anavua, na kusi likivuma kwa nguvu anaweza kukaa wiki bila kutoka, kwa hiyo hiyo miezi minne ihesabu kama vile mfuko wako ndio pekee.

Karatasi za serikali ni nyepesi kuliko watu wanavyosema, mradi uzifuate kwa mpango. Jina la biashara linasajiliwa BPRA (wakala wa usajili wa biashara na mali), namba ya mlipakodi unaipata mamlaka ya mapato, leseni unaiomba kwenye baraza lenu la Kusini. Kwa sabuni ya mwilini zungumza mapema na ZBS (taasisi ya viwango) na ZFDA (wakala wa chakula na dawa), upeleke sampuli kabla hujachapisha lebo elfu moja. Kwenye lebo usithubutu kuandika "inatibu chunusi" wala "inaondoa mabaka": ukishasema inatibu, umejipeleka kwenye mlango wa dawa, na huko utaulizwa mengine. Siku utakapoacha kazi, mchango wa mwajiri kwenye ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) unakoma, lakini wana mpango wa hiari kwa waliojiajiri. Jiunge mwezi uleule.

Wale watatu warudishie 5,000 zao, au wapelekee za pishi jipya zikishatimiza wiki nne na ukazijaribu kwanza kwenye mkono wako wa ndani. Zilizobaki za zamani usizitupe, tia alama ya rangi ubavuni zisichanganyike, uzitumie kufulia na kusugulia sakafu, kwa glavu.