Tusingoje kilio ndipo tumchangie msanii

Hapa Lubumbashi, Kongo, tunajua kuchanga. Mpiga gitaa akifariki, jua halijatua utakuta viti vimepangwa uani, turubai limefungwa na daftari liko mezani, majina yanaandikwa: huyu franga elfu kumi, yule dola tano, jirani gunia la unga wa bukari, ugali wetu. Wanamuziki wenzake wanakuja na vyombo vyao, wanapiga mpaka alfajiri bila kudai kitu. Sanduku linapatikana, gari la kwenda makaburini linapatikana. Lakini mtu huyohuyo, wiki chache kabla, alikuwa amelala nyumbani kwake mtaani Katuba na presha bila dawa, na hakuna aliyepitisha daftari.

Hilo ndilo lililoniingiza katika kazi ya kuandaa jioni za mchango kwa ajili ya watu wa jukwaa. Mimi ni mwongozaji wa maigizo. Nimekaa na wanaoandaa, na wanaocheza, na pia na wale wanaobaki kugawa fedha wageni wakishaenda. Vijana wa vikundi vya Kenya, Kamalondo na Ruashi, komini za mji wetu, hunijia na swali moja: Yaya (yaani dada mkubwa), tuanzie wapi? Jibu langu ni kwamba wasianze na onyesho. Waanze na mfuko.

Nieleze kwa nini. Wazee wetu walizoea kusema kazi ni baba, kazi ni mama, na walikuwa na sababu. Kampuni ya shaba ya Union Minière, na baadaye Gécamines, iliwapa wafanyakazi nyumba kambini, unga, shule ya watoto na hospitali. Msanii hakuwa na baba wa namna hiyo. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, gitaa lake lilisikika mbali kuliko shaba yetu, na bado alihitaji kazi ya ofisini. Leo hali haijabadilika sana. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, imejengwa juu ya mchango wa mwajiri na wa mfanyakazi mwenye mkataba. Mcheza ngoma anayepewa kashe yake, yaani malipo ya onyesho, mkononi baada ya onyesho, nani amwandikishe? Akivunjika mguu kwenye mazoezi, mapato yanakatika siku hiyohiyo. Machi 2020, serikali ilipofunga kumbi na baa kwa sababu ya korona, wote walisimama siku moja: mwimbaji, fundi wa taa, mama anayeshona mavazi, kijana anayebeba spika.

Basi onyesho moja haliwezi kujibu jambo kama hilo. Linaweza kulipa bili moja. Wenzetu wa nchi nyingine waliliona hilo zamani. Kule New York mfuko wa waigizaji ulianzishwa mwaka 1882, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwazika waigizaji waliokufa maskini, yaani walianzia pale tulipo sisi. Hawakuishia hapo: mwaka 1902 walikuwa wamefungua nyumba ya waigizaji wazee, na mfuko ule uko hai hadi leo. London, mwaka 1912, wasanii walicheza mbele ya mfalme katika Palace Theatre ili kuusaidia mfuko wa wenzao, na onyesho hilo la kifalme linaendelea hadi sasa. Fedha zake ndizo zimesaidia kuendesha Brinsworth House, nyumba ya kutunza wasanii waliostaafu. Najua hatuna mfalme wala Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo wa New York. Ninachotaka mwone ni mpangilio: mfuko una kamati, una kanuni, una akaunti, na onyesho linakuja kuujaza. Sisi hufanya kinyume. Tunaita watu, tunakusanya, tunamkabidhi mgonjwa bahasha mbele ya kamera, kisha kila mtu anakwenda zake mpaka mwingine aanguke.

Mfuko si lazima uwe mkubwa. Likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, tunaifahamu wote. Vikundi vingi vya maigizo tayari vina likelemba ya wanachama. Chukueni nidhamu hiyohiyo, ila fedha zisizunguke, zikae. Kila mwanachama atoe kidogo kila mwezi, hata kama ni bei ya mikate miwili, ili mnapokwenda kumwomba mfanyabiashara muweze kumwonyesha kwamba nyinyi wenyewe mmeanza. Nimeona mara nyingi namna uso wa mtu unavyobadilika akifunguliwa daftari lenye majina ya wasanii waliochangia wenyewe.

Sasa onyesho. Jambo ambalo nitalishikilia hata nikibaki peke yangu: walipeni wanaocheza. Kuna mazoea mabaya ya kudhani kwamba kwa kuwa ni jioni ya kusaidia wasanii, basi wasanii wacheze bure. Mwenye ukumbi analipwa, mwenye jenereta analipwa, muuza bia anaondoka na faida yake, na mpiga ngoma anarudi Katuba kwa miguu akiwa ameambiwa asante. Huyo mpiga ngoma ni mmoja wa watu tunaodai kuwasaidia! Si lazima apewe kashe kamili. Sisi hukubaliana nusu, tunaiandika kwenye karatasi kabla ya mazoezi ya kwanza, na anayetaka kuirudisha kwenye mfuko anairudisha kwa hiari yake baada ya kuipokea mkononi. Wapo wanaorudisha, na huwa wanafanya hivyo kwa furaha, kwa sababu hakuna aliyewanyang'anya. Fundi wa sauti na mshona mavazi wapate kiasi sawa na cha waimbaji. Hao ndio husahaulika kwanza tunapoandika orodha ya wanaostahili msaada, kwa sababu hadhira haijui sura zao.

Tena nauli. Msipange onyesho la kumalizika saa tano usiku halafu mkashangaa watu wa Ruashi hawakuja. Anzeni saa kumi jioni, malizeni saa mbili. Usafiri bado unapatikana, akina mama wanaweza kurudi salama, na jenereta inakula mafuta machache.

Kuhusu tarehe, angalieni mvua na mifuko ya watu. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua itawafukuza uwanjani. Juni na Julai ni kavu lakini usiku baridi inauma. Hadhira inakaa imejikunyata. Septemba ni mwezi wa ada za shule, mzazi hana kitu cha kutoa. Mimi napenda Jumamosi iliyo karibu na tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi. Asubuhi ya siku ya wazazi tunakwenda kusafisha makaburi ya wazazi waliotangulia, mchana tunawasherehekea walio hai. Watu wanakuwa tayari wanawafikiria wazee wao, na kuwakumbusha wale wazee waliotuchekesha redioni kwa Kiswahili chetu, kama kundi la Mufwankolo, hakuhitaji hotuba ndefu.

Ukumbi utakuwa shida. Jengo la 30 Juin lilijengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa maigizo wa mji, nalo limekuwa makao ya wabunge wa jimbo. Hilo linaniuma kila nikipita pale. Halle de l'Étoile ya Institut français ni mahali pazuri, lakini ombeni miezi mingi mapema. Ukumbi wa parokia au ua wa shule unatosha kabisa, na watu wa mtaani huingia bila kuogopa mlango. Barua ya komini na ya idara ya utamaduni zipelekwe mapema, nakala zenye muhuri zibaki kwenu. Kama mtaimba nyimbo za watu wengine, ulizeni SOCODA, chama cha haki za watunzi, mapema; mfuko wa wasanii hauwezi kuanza kwa kuwanyima wasanii haki zao.

Pigeni hesabu kabla ya kuchapa tiketi. Tuseme ukumbi una viti 200 na tiketi ni dola 5. Ukijaa, mmepata dola 1,000. Toa ukumbi, spika, jenereta na mafuta yake (maana umeme wa SNEL, shirika la umeme, hamuwezi kuutegemea jioni nzima), nusu kashe za watu kumi na tano, nauli, karatasi. Mnaweza kubaki na dola 200, au msibaki na kitu. Kwa hiyo msitegemee mlango. Mlango uwe wa kulipa gharama, na gharama zenyewe mziombe kama vitu: mwenye kituo cha mafuta awape mafuta, mwenye duka la uchapaji awape karatasi, kampuni inayochimba shaba ilipie spika. Ni rahisi kwa mtu kutoa kile anachouza kuliko kutoa noti. Lakini kampuni isipewe dakika ishirini za hotuba kati ya ngoma na maigizo. Jina lake kwenye bango linatosha, na bango lisizibe jukwaa.

Fedha za kweli zinakuja ndani, watu wakishachangamka, na hapa ndipo panapohitaji macho. Sisi Wakongo tunapenda kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, na tunapenda jina letu liimbwe. Msikataze, iwekeni kwenye utaratibu. Kabla ya wimbo wa kwanza, mtangazaji aseme wazi: noti zote zitakazobandikwa leo ni za mfuko, waimbaji wamekubali na wana malipo yao. Msiposema, mtagombana usiku huohuo nyuma ya jukwaa, na kila upande utakuwa na haki. Majina nayo yauzwe. Anayetaka libanga lake, jina lake lisikike katikati ya wimbo, aende mezani, alipe, apewe karatasi, karatasi apelekewe mwimbaji. Nimeona wafanyabiashara wawili wakishindana kwa libanga mpaka meza ikapata zaidi ya mlango. Kule Broadway waigizaji husimama na ndoo milangoni baada ya onyesho, wakiwa bado na mavazi ya jukwaani, kukusanya fedha za shirika lao. Na sisi tumeiga hilo: mtu anayetoka akikutana uso kwa uso na yule mchekeshaji aliyemchekesha muda si mrefu, mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Hesabu zifanyike papo hapo, na watu watatu ambao si wa familia moja wala wa kikundi kimoja. Mmoja asiwe msanii kabisa. Muuguzi, mwalimu au mama wa parokia anafaa. Namba ya M-Pesa au Airtel Money iandikwe kwa jina la chama, si la mwenyekiti. Kisha fanyeni kama kilioni: daftari lisomwe. Kilioni kwetu watu hutoa kwa imani kwa sababu wanajua daftari litasomwa mbele ya wote, nani alitoa nini na kimenunuliwa nini. Katika juma lilelile, andikeni hesabu kwenye ukurasa mmoja, mbandike mlangoni pa ukumbi na mwitume kwenye makundi ya WhatsApp. Mwaka unaofuata mtaomba kwa sauti nyingine.

Katika kugawa, lindeni heshima ya mtu. Msimpandishe mgonjwa jukwaani. Mzee mmoja wa maigizo, mtu aliyekuwa akijaza kumbi, alinishika mkono akaniambia: «Mama, franga ya lupitalo njo inanishinda, lakini watu basinione hivi.» Yaani gharama za hospitali zilimshinda, lakini hakutaka watu wamwone katika hali ile. Tangu hapo sisi husema tu kwamba mfuko umewasaidia wanamuziki kadhaa na mafundi kadhaa, basi. Verdi, mtunzi wa opera wa Italia, alijenga kule Milano nyumba ya wanamuziki wazee kwa fedha zake, akataka isifunguliwe mpaka yeye awe amekufa, ili asishukuriwe. Alifariki 1901, nyumba ikafunguliwa 1902. Mtu yule alijua shukrani inavyoweza kumlemea anayesaidiwa.

Bili ya hospitali ilipwe moja kwa moja kwa mhasibu wa hospitali, risiti irudi kwa kamati. Wote tunajua habari za mgonjwa aliyepona akabaki amezuiliwa wodini kwa sababu ya deni. Msiache afikie hapo, ongeeni na hospitali siku anapolazwa. Kwa msanii aliyevunjikiwa na gitaa au kuibiwa mashine ya kushonea, mkopo bila riba ni bora kuliko zawadi, kwa sababu unarudi na kumsaidia mwingine.

Na kama mwaka wa kwanza mmepata kidogo, msitafute jambo kubwa la kupiga nalo picha. Chagueni wazee wachache wenye presha au sukari, mkubaliane na duka moja la dawa, walipiwe dawa zao kila mwezi kwa mwaka mzima. Kijana mmoja wa kikundi apewe kazi ya kuzichukua na kuwapelekea nyumbani, akae kidogo, awaulize habari, aandike kwenye daftari kama kuna kilichopungua.