Jibu: maana ya "rush" kwenye "He was rushed to hospital"

Ndugu, umeuliza mtu aliyezimia anawezaje ku-"rush", ilhali gazeti limeandika "He was rushed to hospital". Hakuharakisha yeye, waliharakisha waliombeba. Kwetu tunasema alikimbizwa hospitali, na naye pia hakupiga mbio! Umbo ni lile lile la kutendwa, kwa hiyo tafsiri hiyo inakaa vizuri kabisa.

Asipotendwa, ni mwenye haraka mwenyewe: "She rushed home", alikimbilia nyumbani. Lakini mtu akitajwa baada ya "rush", yeye ndiye anayeharakishwa: "Don't rush me" ni usiniharakishe.

Angalia sana "into" ikifuata, mara nyingi huleta lawama: "They rushed into marriage", walikurupukia ndoa, hawakutafakari. Ila ukimhimiza mtoto anayechelewa shule, sema "Hurry up!", usiseme "Rush up!"